Niliongeza RAM kwanza, kumbe tatizo lilikuwa diski

Laptopu yangu ina miaka 7. Ilikuja na RAM (kumbukumbu ya muda ambayo programu hufanyia kazi) ya gigabaiti 4 na diski ngumu inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Kuwaka tu ilikuwa inachukua zaidi ya dakika mbili, na nikifungua kivinjari chenye vichupo kumi na kitu, inaganda. Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: RAM. Nikanunua ya gigabaiti 8, nikaiongeza kwenye nafasi iliyokuwa wazi.

Kuifunga si kazi ngumu. Nilizima, nikachomoa betri, nikafungua skrubu za chini. Kibao cha RAM kinaingizwa kikiwa mshazari, halafu unakilaza taratibu mpaka vibanio viwili vya pembeni vidake, tak! Kina mkato ambao hauko katikati kabisa, kwa hiyo huwezi kukigeuza kinyume. DDR3 na DDR4, vizazi viwili vya RAM, mikato yao haiko mahali pamoja, hivyo hakikisha unajua laptopu yako inatumia ipi. Nyingine RAM yake imechomelewa kwenye bodi, hiyo haiongezeki.

Kuganda kukaisha siku hiyohiyo. Ila kuwaka? Palepale, dakika mbili na ushee. Nilisikitika sana, mpaka nilipokaa nikasoma jinsi vitu hivi vinavyofanya kazi.

Ndani ya RAM kila biti ni chaji ndogo ya umeme kwenye kapasita, na kapasita hizo huvuja. Ndiyo maana chaji hujazwa upya kila milisekunde 64 au hata chini ya hapo. Umeme ukikatika, kila kitu kimekwenda. Hilo nalijua kwa uchungu, maana niliwahi kupoteza kurasa tatu za ripoti nilizokuwa sijazihifadhi, betri ikiwa imeshakufa. Kwa hiyo kila unapowasha kompyuta, RAM ni tupu, hata ingekuwa gigabaiti 64, na mfumo mzima lazima uvutwe kutoka kwenye diski.

Na diski ngumu ni mashine hasa. Data zake ni alama za sumaku kwenye sahani inayozunguka, na kichwa cha kusomea husogea hadi kwenye mstari wake, kisha kinasubiri sehemu inayotakiwa ipite chini yake. Kwa mizunguko 5,400, mzunguko mmoja ni milisekunde 11 hivi. Ni kidogo, lakini wakati wa kuwaka yanasomwa mafaili madogo maelfu yaliyotawanyika. Nilikuwa nikitazama orodha ya programu zinazoendelea, naona diski iko asilimia 100 huku prosesa haina kazi.

Nikaitoa, nikaweka SSD, yaani hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka. Sasa inawaka kwa sekunde 20 hivi, na ule mkwaruzo niliouzoea haupo tena. Siku ya kwanza niliinamisha sikio juu ya kibodi kuhakikisha kweli inafanya kazi. SSD inatumia flashi, kumbukumbu aliyoibuni Fujio Masuoka wa Toshiba miaka ya 1980. Elektroni hunaswa kwenye kisehemu kilichozungushiwa kihami, zikabaki humo hata umeme usipokuwepo.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wake pia. Kila kuandika na kufuta hukichosha kihami hicho. Aina ya SSD iitwayo QLC huweka biti 4 kwenye seli moja, yaani kisehemu kimoja cha kunasa elektroni, maana yake ni lazima itofautishe viwango 16 vya chaji. Aina ya TLC huweka biti 3, viwango 8 tu, kwa hiyo huvumilia uchakavu huo zaidi. Mimi nahariri video, naandika na kufuta kila siku, nikachagua TLC na sijutii. Jambo jingine: ukifuta faili kwenye SSD, usitegemee kulirudisha. Kwenye diski ya zamani niliwahi kuokoa picha nilizofuta kwa bahati mbaya, lakini SSD yenyewe husafisha nafasi zilizoachwa wazi.

Kama yako bado ina diski inayozunguka, anza na SSD hata kama RAM ni gigabaiti 4. Ukikuta bado inaganda vichupo vikiwa vingi, hapo ndipo RAM inahitajika.

Ile diski ngumu sikuitupa. Chaji ya flashi huvuja polepole ikikaa muda mrefu bila umeme, kwa hiyo sitaki kuiachia SSD kabatini picha za familia. Nimeiweka diski ya zamani kwenye kasha la USB, na kila Jumapili naiunganisha kuchukua nakala za akiba.