Siti ya mtoto kwenye gari ya milango miwili: ipi ununue, ipi uachane nayo

Mi nina Celica, ile ya mwisho kabisa ambayo Toyota waliacha kuitengeneza 2006, milango miwili, nyuma kuna siti mbili zimechimbwa kama bakuli na kioo cha nyuma kimelala mpaka juu ya kichwa cha anayekaa huko. Niliinunua kabla sijaoa. Sasa nina binti wa miaka miwili na nusu na kila mtu hapa Sakina, Arusha, kuanzia shemeji mpaka muuza chipsi, ana ushauri mmoja tu, uza hiyo kitu nunua Noah. Siuzi. Lakini nimeshatupa hela mara mbili kwenye siti ambazo hazikai, kwa hiyo hapa naandika kwa wenzangu wa Celica, Toyota 86, Audi TT na BMW za milango miwili, mjue pa kuanzia.

Kitu cha kwanza kabisa, acha kuuliza siti gani ni nzuri, uliza siti gani inakaa kwenye gari yako. Siti ya milioni inayoyumba ukiisukuma kwa mkono ni hatari kuliko ya laki na nusu iliyokaza kama imechomelewa.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia chukua futi uende kwenye gari. Pima upana wa hilo bakuli la siti, chini kabisa pale siti ya mtoto itakapokalia na siyo juu mabegani, yangu ni sentimita 45 na siti nyingi za dukani zinaanzia 44 kwenda juu, ushaona tatizo linapoanzia. Pima umbali wa kutoka mgongo wa siti ya nyuma mpaka mgongo wa siti ya mbele, ila mwambie mama watoto akae pale mbele kama anavyokaa siku zote, usipime siti ikiwa imesukumwa mpaka kwenye dashibodi halafu ukajidanganya. Na pima ule mwanya unaobaki ukishalaza siti ya mbele, maana siti ya mtoto lazima ipite hapo, na mtoto apite hapo hapo kila siku, na mgongo wako pia.

Halafu mkanda. Vuta mkanda wa nyuma wote mpaka uishe, kisha uuachie urudi taratibu. Ukisikia tik-tik-tik na ukijaribu kuuvuta tena haukubali, una bahati, mkanda wako unajifunga wenyewe. Ukirudi kimya kimya na kuvutika tena kama kawaida, ujue mkanda huo unashika pale gari inapofunga breki tu, kwa hiyo siti utakayonunua lazima iwe na klipu yake ya kubana mkanda. Hii ndo sehemu watu wengi wanapigwa. Siti nyingi za Marekani zimetengenezwa zikijua mkanda wa gari unajifunga wenyewe, sasa unaileta kwenye gari ya Japan ambayo mkanda wake haujifungi, unaikaza leo, kesho imeshalegea, na muuzaji wala hajui unaongelea nini.

Upande ni kushoto. Huku tunaendesha kushoto, mtoto anaingia na kutoka upande wa watembea kwa miguu, siyo upande wa bodaboda zinazopita kama mishale. Tena nyuma ya dereva kwenye gari hizi hamna nafasi, labda dereva awe mfupi sana.

Haya, tupange sasa.

Namba moja kwangu ni siti nyembamba ya kufunga kwa mkanda, ile inayoweza kuangalia nyuma mtoto akiwa mdogo halafu ukaigeuza iangalie mbele akikua. Haina mbwembwe, haizunguki, haina mguu wa chuma wa kushuka chini. Ukiona imeandikwa kundi 0+/1 kwa vile viwango vya Ulaya, hiyo ni ya toka kuzaliwa mpaka kilo 18. Ya Marekani inayojulikana kwa wembamba na wepesi ni Cosco Scenera Next, haifiki hata kilo tano, unaipitisha kwenye ule mwanya kwa mkono mmoja, ila kumbuka nilichosema kuhusu mkanda. Diono Radian nayo ni nyembamba, karibu sentimita 43, ila ni nzito balaa maana ndani ina chuma, na ikiangalia nyuma ni ndefu, inakula magoti ya wa mbele.

Mi niliipata nyembamba yangu kwa mama mmoja pale Njiro alikuwa anahama, laki na sitini, na kabla sijalipa nilimwomba niijaribu kwenye gari. Akacheka. "Baba, hiyo siti na hiyo gari?" Tukatoka wote mpaka getini. Nikailaza siti ya mbele, nikaiingiza ikiwa ubavu, nikaigeuza kule ndani, nikapitisha mkanda kwenye njia yake, rangi ya bluu ni ya kuangalia nyuma na nyekundu ni ya kuangalia mbele, siti nyingi za Ulaya ziko hivyo. Nikaweka goti ndani ya siti nikaegemea na uzito wangu wote huku navuta mkanda. Kisha nikaishika pale pale mkanda unapopita nikaitikisa kulia kushoto. Isisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu, basi. Usiitikise kwa juu kichwani, kule itacheza tu hata kama imekaza. Ya kwangu ilisogea kama upana wa kidole. Nikalipa.

Shida ya bakuli ni kwamba siti inainama, kichwa cha mtoto mchanga kinaanguka mbele na hiyo inabana njia ya hewa, siyo utani. Nikaviringisha taulo nikaliweka chini pale kwenye mkunjo wa siti ya gari mpaka pembe ikawa sawa, ila soma kwanza kitabu cha siti yako, kuna zinazokubali taulo na kuna zinazokataa. Na kama siti ya mtoto inagusa mgongo wa siti ya mbele, hapo pia wengine wanaruhusu na wengine hawataki kabisa.

Namba mbili ni kikapu, kile cha mtoto mchanga chenye mpini, mwisho kilo 13. Kama mtoto hajazaliwa au ana miezi michache, hiki ndo namba moja kwako. Uzuri wake kwenye milango miwili ni kwamba unamfunga mtoto ukiwa nje umesimama wima, unaingiza kikapu kizima, hamna kuinama na kuchubua kichwa kwenye dari. Maxi-Cosi CabrioFix zipo sana kwenye mitumba na kwa wageni wanaoondoka. Ila nunua cha kufungwa kwa mkanda bila ile besi yake, kile kitako kinachobaki garini, besi nyingi zinataka siti iliyonyooka na bakuli halijanyooka. Na angalia urefu wa mkanda, maana kwenye kikapu unazunguka mpaka nyuma ya mgongo wake, gari za zamani unakuta umebaki kama inchi mbili haujafika kwenye kifungo. Ikiwa hivyo hicho kikapu siyo chako, kirudishe. Usikubali fundi akuongezee kipande cha mkanda. Mi nilishawahi kuambiwa "naushona na uzi wa hema bosi, hauachii." Nikamshukuru nikaondoka.

Kikapu kinaisha haraka lakini. Kichwa kikifika ukingo wa juu, mwisho wake, hata kama kilo bado.

Namba tatu, siti za ISOFIX, na hapa natofautiana na watu wengi maana wengi wangeweka ya kwanza. ISOFIX ni zile nondo mbili zilizojificha kwenye mkunjo wa siti ya nyuma, kati yake sentimita 28, siti ya mtoto inabonyezwa pale inalia ta! imeshika. Ni nzuri kwa sababu ni ngumu kukosea. Lakini Japan walilazimisha gari mpya ziwe nazo 2012, kwa hiyo kwenye gari za zamani ni bahati nasibu, ingiza vidole uchokonoe mwenyewe, usimwamini dalali. Yangu nimechokonoa nimepata sarafu mbili na ganda la karanga. Mwenye 86 au ndugu yake Subaru BRZ unazo, ila nyuma kule nafasi ni ya kuombea, siti kubwa ikiangalia nyuma mtu wa mbele anakaa amekumbatia dashibodi. Kwenye kitabu cha gari kuna herufi za saizi. E ni ya mtoto mchanga, D ni ya kuangalia nyuma iliyopunguzwa ukubwa, C ndo ile kubwa kamili. Kwenye gari zetu tafuta D, C iachie wenye Prado.

Namba nne ni busta yenye mgongo, kundi 2/3, kilo 15 mpaka 36. Siyo mbaya, tena mwenye mtoto wa miaka minne kwenda juu hii ndo yako, inamnyanyua ili mkanda wa gari upite begani na siyo shingoni. Nimeiweka nne kwa sababu watu wanaikimbilia mapema mno kwa vile ni rahisi na nyembamba. Na kwenye Celica kichwa chake kinagusa kioo cha nyuma kabla mtoto hajafika saizi, kwa hiyo jaribu na mtoto mwenyewe akiwa amekaa. Ile busta isiyo na mgongo, kile kigoda, Ulaya tangu 2017 modeli mpya zinapitishwa kwa watoto wa zaidi ya sentimita 125 na kilo 22 tu. Mtoto wa miaka mitatu hapo anaelea.

Ya mwisho kabisa ni zile zinazozunguka nyuzi 360. Hii ndo iliyonimalizia laki tatu na nusu yangu. Nilichukulia Moshi, ni ya Kijapani, kitambaa safi, inazunguka kama kiti cha kinyozi, nikasema hii ndo yenyewe. Sikupima. Nikaifunga kamba kwenye buti, buti halifungi vizuri, nikatembea Moshi mpaka Arusha hivyo, kama kilomita 80 za matuta, Boma Ng'ombe nimesimamishwa na trafiki, Usa River nimesimamishwa tena. Nimefika nyumbani, siti haipiti mlangoni. Nimelaza siti ya mbele, nimeivuta mbele mpaka mwisho, haipiti. Mwisho nikaiingizia kwenye kioo cha nyuma kule butini, ikakaa kwenye bakuli, na nikagundua haiwezi kuzunguka kwa sababu ikigeuka inagonga mgongo wa siti ya mbele. Mke wangu alikuwa amesimama na mtoto mgongoni muda wote huo. Akasema tu, "Baba, nikusaidie kuitoa?" Zina kilo 14 au 15 hizo, kuitoa ilikuwa shughuli kuliko kuiingiza.

Zile za Aprica, kampuni ya Kijapani, za kulaza mtoto kama kitanda nazo weka kundi hilo hilo. Nzuri sana, kwenye Noah.

Mitumba sasa. Memorial Moshi unazipata za elfu hamsini, na nyingine ni nzima kabisa, ila igeuze juu chini. Tafuta stika ya rangi ya chungwa yenye E kwenye duara na R44/04, au ile mpya ya R129, hivyo ni viwango vya usalama vya Ulaya. Tafuta tarehe ya kutengenezwa imechapwa kwenye plastiki, nyingi mwisho wake ni miaka sita mpaka kumi. Kunja kunja plastiki pale pembeni, ukiona mistari myeupe kama ya ndoo iliyopasuka, iache, hiyo ishapata ajali au imekaa juani miaka. Hesabu mikanda, ule wa katikati ya miguu ndo unapotea sana. Kama muuzaji hajui historia yake na wewe huna namna ya kuijua, elfu hamsini hiyo kanywee mtori.

Kwenye matumizi mambo mawili tu nitasema. Kioo cha Celica kinachoma. Nilipaki sokoni Kilombero nusu saa saa saba mchana, kurudi chuma cha kifungo hakishikiki, kwa hiyo sasa nafunika siti na khanga kila nikishuka, na mtoto simwachi ndani hata dakika moja. Na baridi ya Juni na Julai, lile jaketi la kujaa lazima livuliwe kabla ya kumfunga. Mkanda unabana jaketi, haubani mtoto. Mfunge na sweta jepesi, ukishindwa kufinya mkunjo wa mkanda begani ujue imekaa, kisha mtupie khanga au blanketi juu.

Kuangalia nyuma, R129 inasema angalau mpaka miezi 15, mi nilienda mpaka alipofika kilo za mwisho za siti. Shingo ya mtoto haijakomaa na kichwa ni kizito, mkigonga kwa mbele mgongo wa siti ndo unabeba kila kitu. Na siti ya mbele usiiguse, eabegi ikilipuka nyuma ya siti inayoangalia nyuma inaua, kama nyuma hapaingii siti basi siku hiyo mtoto apande gari ya shemeji.

Desemba tulipanda Kibosho. Mama mkwe katoka nje, nikamwamkia shikamoo mama, kaitikia huku anaizunguka gari anatafuta mlango wa nyuma. "Mwanangu, mjukuu wangu mmempitishia wapi?" Nikalaza siti ya mbele, nikabonyeza kifungo chekundu, nikamtoa. Sekunde kama ishirini. Akamchukua, akaangalia tena ndani kule, akasema, "Na huyo wa pili akija?" Mke wangu akaniangalia. Nimepima upande wa kulia, ni sentimita 45 vile vile, ila itabidi mi niendeshe magoti yakiwa masikioni.