TAHADHARI: Karata tatu Kariakoo, watu wanapigwa mchana kweupe

Jamani, yule kijana wa karata tatu (ule mchezo wa kuweka hela na kubahatisha karata nyekundu iko wapi) mwenye kofia ya kijani ni mwizi, na wote wanaomzunguka ni wezi wenzake. Anahama kila siku na boksi lake la kuchezeshea, kwa hiyo kuwatajia mtaa hakusaidii.

Nisikie mtu ananiambia "wewe na shule yako yote". Sikiliza kwanza. Karata zenyewe tatu: shupaza mbili, nyeusi, na kopa moja, nyekundu, zimepindwa mgongo kidogo ili zinyanyuke kirahisi. Kijana anaita: "Nyekundu pesa, nyeusi potea!" Mama mmoja wa makamo, kanga mbili, mafungu ya mchicha mkononi, akaweka elfu kumi, akapewa ishirini. Akahesabu, akazifunga kwenye ncha ya kanga. Mama wa namna ile utamdhania tapeli?

Kijana akageuka kubishana na mtu wa chenji. Hapo mzee mwenye barakashia akainama, akaipinda kona ya kopa kwa ukucha, akanikonyeza: "Mwanangu, kula hela hiyo." Kijana akarudi, akazirusha tena. Kona iliyopinda naiona kabisa, ile ya katikati. Nikaweka elfu hamsini. Akaniambia weka kidole, nikaweka. Kufunua: shupaza! Na kona imepinda vilevile!

Nilipoanza kupaza sauti mtu akaita "Mgambo haoo!" Wakatawanyika wote, na mama wa mchicha naye mbio, tena anamshika mkono yule mzee. Mgambo hata mmoja hakuonekana.

Binamu yangu, yule fundi simu, ndiye aliyenionyesha mezani kwa karata za nyumbani. Mkono mmoja unashika mbili, kopa chini, shupaza juu. Akirusha, wewe unaamini imetoka ya chini kwa sababu ndiyo uliyoonyeshwa. Kumbe vidole vimeachia ya juu, na mkono unapita kwa kasi huku umelalia upande, jicho halidaki. Kuanzia hapo unaifuata isiyo yenyewe. Kona nayo, wakati wa kuziokota anainyoosha ya kopa kwa kidole na kupinda ya shupaza. Alinifanyia polepole na bado nilikosa.

Kwa hiyo ukiona "mshindi" anashinda mfululizo, au mtu usiyemjua anakunong'oneza siri ya kushinda, ondoka. Wachezaji wote pale ni wao kwa wao, mgeni ni wewe tu.

Ila hawa watu wakamatwe! Kituo hakiko mbali, boksi linapangwa saa nne asubuhi watu wanapita, nani haoni? Kanuni ya Adhabu inalo kosa la kulaghai, kifungu cha 304, si mpaka itungwe sheria mpya. Wapelekwe wote, mzee na barakashia yake, na yule mama awe wa kwanza. Dhamana wasipewe.