Kadi ya mkopo yenye dhamana: mwaka mzima nikiitumia kuinua alama zilizoanguka

Kadi ninayoizungumzia ni ya Marekani: amana dola 200, ukomo wa kukopa dola 200, ada ya mwaka hakuna. Kipimo cha FICO, yaani alama ambazo wakopeshaji huzitazama kujua unavyolipa madeni, huanzia 300 na kuishia 850, na aliyeshuka chini ya 580 ombi lake la kadi ya kawaida, isiyo na amana, hukataliwa mara nyingi. Kwa mtu huyo naipendekeza kadi hii bila kusita. Inafanya kazi. Lakini wengi wanaoilalamikia wana kosa moja: wanaijua tarehe ya kulipa, hawaijui tarehe ya kufunga hesabu.

Amana kwanza, maana hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Zile dola 200 si salio. Benki inazishika rehani. Ukinunua kitu cha dola 30 unadaiwa dola 30, na usipozilipa zinapanda riba ingawa pesa yako wanayo mkononi. Riba ya kadi hizi ni kali, mara nyingi hupita asilimia 25 kwa mwaka, ila haikugusi kama kila mwezi unalipa deni lote lililo kwenye taarifa ya mwezi ya benki. Usiichanganye na kadi ya kujaza pesa kabla ya matumizi. Ile unatumia pesa yako mwenyewe, hakuna mkopo, kwa hiyo hata uitumie miaka kumi haiingii kwenye historia yako ya mikopo.

Kabla ya kuomba, ingia annualcreditreport.com uchukue taarifa zako za mikopo za Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza historia za madeni ya watu. Ni bure, na unaweza kuzichukua kila wiki. Soma deni moja moja. Ukikuta lisilo lako, au lililolipwa likaachwa wazi, lipinge kwa kampuni inayolionyesha na uambatanishe risiti. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Alama zinazoshushwa na kosa la mtu mwingine haziponywi na kadi.

Halafu iulize benki swali moja: mnapeleka taarifa zangu kwa kampuni zote tatu? Wakisema moja au mbili tu, tafuta kwingine, kwa sababu hujui mwenye nyumba au muuza gari ataangalia ipi. Capital One wana kadi ya dhamana ambayo kwa ukomo wa dola 200 huomba amana ya 49, 99 au 200, kutegemea hali ya mwombaji. OpenSky hutoa kadi bila kuikagua historia yako, jambo linalomfaa aliyetoka kwenye ufilisi. Jihadhari na kadi zenye ada nyingi ndogondogo. Sheria ya mwaka 2009 inazuia ada za mwaka wa kwanza zisizidi robo ya ukomo, ukiacha faini, na zipo kampuni zinazokwenda mpaka mwisho wa ruhusa hiyo: dola 50 kati ya 200 zimeliwa kabla hujanunua hata mkate. Asiye na namba ya Social Security aulize kuhusu ITIN, namba ya mlipakodi inayotolewa kwa asiye na hiyo, maana baadhi ya benki huipokea. Na rekodi safi ya CRB, ofisi za kumbukumbu za mikopo za Kenya, haivuki bahari. Huku unahesabiwa kama mtu asiyejulikana.

Sasa zile tarehe mbili. Chukua mfano hesabu inafungwa tarehe 5. Siku hiyo benki inatoa taarifa ya mwezi, na kwa kawaida deni lililopo siku hiyo ndilo linalopelekwa kwa kampuni za taarifa. Tarehe ya mwisho ya kulipa huja angalau siku 21 baadaye, tuseme tarehe 30. Mtu akitumia dola 160, akalipa zote tarehe 28, anajiona mwaminifu, na ni mwaminifu kweli. Lakini tarehe 5 kilichoandikwa ni dola 160 kati ya 200, yaani asilimia 80 ya ukomo. Kiasi unachodaiwa kina uzito wa asilimia 30 katika FICO, na kulipa kwa wakati asilimia 35. Amefanya vizuri upande mmoja, akajiumiza upande wa pili bila kujua.

Ninavyofanya ni hivi. Kadi ina bili moja tu ya dola 15, ya simu. Nikilazimika kununua kingine, siku tatu kabla ya tarehe 5 nalipa nibakize chini ya dola 20, yaani chini ya asilimia 10. Taarifa inatoka na deni dogo, kisha malipo ya kiotomatiki yanalifuta lote. Usifute mpaka sifuri kila mwezi kabla ya taarifa kama hii ndiyo kadi yako pekee, kwa sababu kipimo kinataka kuona kadi inatumika. Na ukiteleza mwezi mmoja ukaacha deni kubwa, usikate tamaa: katika matoleo ya FICO yanayotumika zaidi, mwezi ujao ukishusha deni alama hurudi.

Kuchelewa ni habari nyingine. Ukichelewa siku chache unapigwa faini na riba. Ukifikisha siku 30, kosa linaandikwa kwenye historia yako ya mikopo, na linakaa miaka saba. Kwa hiyo weka malipo ya kiotomatiki siku kadi inapofika, na uchague deni lote la taarifa, si kiwango cha chini. Hakikisha yanaanza mwezi gani: ukiyaweka baada ya taarifa ya kwanza kutoka, huenda yakaanza mwezi unaofuata, na bili ya kwanza ukapaswa kuilipa kwa mkono. Wengi wameanguka hapo hapo, mwezi wa kwanza.

Usiipeleke kadi hii kwenye pampu ya mafuta. Pampu inaweza kushikilia hadi dola 175 kabla haijajua umejaza kiasi gani, na karibu ukomo wako wote unaweza kushikiliwa kwa siku kadhaa. Hoteli na magari ya kukodi ni vivyo hivyo. La kwetu zaidi: usiitumie kutuma pesa nyumbani. Programu nyingi za kutuma M-Pesa hupokea kadi ya mkopo, lakini benki nyingi huhesabu muamala huo kama kutoa pesa taslimu. Kuna ada yake, na riba inaanza siku ileile bila muda wa neema. Tumia kadi ya debiti, inayokata pesa zako zilizo benki.

Deni la zamani halifutwi na kadi. Linakaa miaka saba tangu ulipoacha kulilipa, na ufilisi wa Chapter 7, ule wa kufutiwa madeni mahakamani, miaka kumi. Kadi inaongeza miezi mizuri juu yake, na uzito wa lile la zamani unapungua kadiri linavyozeeka. Usishtuke pia alama za Credit Karma, programu ya kuangalia alama bure, zikitofautiana na za benki. Zile ni VantageScore, kipimo kingine kisicho FICO.

Kuanzia mwezi wa sita baadhi ya benki hukagua zenyewe kama unastahili kurudishiwa amana. Nyingine hazifanyi mpaka upige simu, basi piga. Omba kadi ibadilishwe kuwa ya kawaida kwenye akaunti ileile, ili umri wake usikatike. Wakikataa ukaamua kuifunga, hamisha kwanza bili ya simu, lipa mpaka sifuri, usubiri taarifa moja itoke safi. Amana inaweza kuchukua hadi miezi miwili, na ikija kwa hundi hutumwa kwenye anwani waliyo nayo, kwa hiyo aliyehama aibadilishe kabla ya kufunga.