Miezi minane na Linux Mint kwenye laptopu ya 2012: vivinjari, picha, na milango ya Kiponda

Laptopu yangu ni ya mwaka 2012, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, na fundi alinishauri niiuze kama vipuri. Badala yake niliitia SSD (diski ya kasi) ya GB 240, nikaiwekea Linux Mint 22, mfumo endeshi wa bure, toleo la Xfce, ambalo ni jepesi. Huu mwezi wa nane naitumia kila siku, hasa kwa picha, na sina nia ya kurudi nilikotoka.

Niseme ukweli: sehemu kubwa ya wepesi wake imeletwa na SSD. Lakini SSD haiongezi RAM, na hapo ndipo Xfce inapofaa. Mashine ikishawaka, kabla sijafungua chochote, inakuwa imetumia takriban GB 1 tu. Tena Mint 22 itapata masasisho hadi 2029, ilhali msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Kilichonisumbua ni wifi. Haikuonekana kabisa, na draiva yake (programu ya kuiendesha) ilitaka intaneti ndipo ipakuliwe. Nilipoteza jioni nzima kabla sijakumbuka kuchomeka simu kwa waya wa USB na kuigawia kompyuta bando. Baada ya hapo, dakika kumi, kwisha.

Kivinjari kinachokuja na Mint ni Firefox, nami nimebaki nacho. Mashine ikianza kuganda naandika about:processes mahali pa anwani. Unafunguka ukurasa unaoonyesha kila kichupo kinakula kumbukumbu kiasi gani, na kilicho kilafi nakifunga palepale. Nimeongeza uBlock Origin, kizuia matangazo, na bando linadumu zaidi. Chromium, kivinjari kingine, ninayo pia, kwa ajili ya fomu moja ya kazini inayokataa kufunguka kwingine. Nikimaliza naifunga, maana vivinjari viwili kwa pamoja kwenye GB 4 ni kuitesa mashine.

Sasa picha. Napenda sana milango ya Mji Mkongwe, na vichochoro vya Kiponda ni vyembamba: mlango haukai hata nusu dakika bila baiskeli, watoto wa madrasa au wageni kupita mbele yake. Zamani nilikuwa nangoja alfajiri. Siku hizi naegemea ukuta wa pili, napiga picha kumi na tano za mlango uleule kwa kupishanisha sekunde chache, kisha nafungua terminali, dirisha la kuandikia amri:

align_image_stack -a sawa *.jpg
convert sawa*.tif -evaluate-sequence median mlango.jpg

Amri ya kwanza, inayopatikana kwenye pakiti ya hugin-tools, inazipanga picha zilaliane sawasawa, kwa kuwa mkono hautulii kama stendi. Ya pili ni ya ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri. Kwa kila nukta inazipanga thamani zote kumi na tano kuanzia ya giza hadi ya mwanga, halafu inachukua ya katikati, yaani ya nane. Mpita njia akiwa ameifunika nukta ile katika picha mbili tatu tu, ya katikati itakuwa ya mbao. Anatoweka yeye na kivuli chake.

Mara ya kwanza programu ilikataa, ikaandika "cache resources exhausted". Kamera yangu ni ya megapikseli 24, na ImageMagick hutumia baiti 8 kwa kila pikseli. Picha kumi na tano zinakaribia GB 3, na mipaka iliyomo kwenye faili lake la mipangilio, policy.xml, haifiki huko. Nilizipunguza kwa mogrify -resize 50%, kazi ikapita. Ila tafadhali nakili picha zako kwanza, kwa sababu mogrify huandika juu ya faili lilelile. Mimi sikunakili, nikapoteza picha asili za mlango mmoja wa Hurumzi. Mlango ule umeshapakwa rangi. Hadi leo inaniuma.

Umaliziaji nafanya kwenye GIMP 3, programu ya bure ya kuhariri picha iliyotoka Machi 2025, ambayo vichujio vyake vingi unaweza kuvirekebisha hata baadaye. Niliipata kwa Flatpak, njia mojawapo ya kusakinisha programu kwenye Linux, na upakuaji wake ni mzito. Darktable, programu nyingine ya picha, nayo nzuri, lakini prosesa hii haiiwezi.

Kwenye mlango wa kwanza niliojaribu, mzee mmoja alikuwa amekaa barazani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza: "Mjukuu wangu, mlango mmoja, picha zote hizi za nini?" Nikamweleza kwamba wanaopita watafutika. Usiku nilipofungua mlango.jpg, kichochoro kilikuwa kitupu, baiskeli hazipo, na yeye yuko palepale barazani kwa kuwa hakuondoka. Uso tu ulififia kidogo, pale alipogeuka kuzungumza nami. Nikaisafisha picha ile, nikampelekea.