Pikapu kongwe za kununua Unguja na Pemba: nizipangavyo mimi

Mtu anayetafuta pikapu ya zamani ya kuichezea kwa mikono yake mwenyewe, jioni akitoka kazini na Jumapili kutwa, huanza kwa kuuliza injini. Hapa visiwani injini ije ya pili. Injini ikifa, nyingine iliyotumika itapatikana Kariakoo au Ilala kule Dar es Salaam, itapanda meli, itashuka bandari ya Malindi, Unguja, na fundi ataifunga. Chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari yote, ikiliwa na kutu hakuna duka litakalokuuzia mpya, na ya mtumba utakayoipata hapa huenda imekula chumvi kama yako. Kwa hiyo nimepanga orodha hii kwa mambo matatu: chuma kinavyostahimili bahari, spea zinavyopatikana bila kusubiri mwezi mzima, na wepesi wa gari kufunguliwa na mtu ambaye si fundi wa kusomea.

Muulize muuzaji ilikuwa ikibeba nini

Unguja ina urefu wa kilomita zipatazo 85, na hata pale ilipo pana haifiki kilomita 40. Hakuna gari inayolala mbali na bahari. Hata ya Kinyasini inavuta hewa ya chumvi usiku kucha. Lakini hewa hula polepole. Kinachomaliza pikapu ni mzigo. Iliyobeba karafuu kutoka mashamba ya Wete na iliyobeba samaki kwenda soko la Darajani si gari moja tena, hata kama zilitoka kiwandani siku moja. Barafu ikiyeyuka kwenye matenga, maji ya chumvi hupenya sakafu ya bodi la nyuma na kudondokea chesisi, palepale zinapofungwa springi. Mwani mbichi wa Paje na Jambiani hufanya kazi hiyohiyo. Mchanga nao huingia ndani ya chesisi ya boksi, iliyo tupu ndani, na kukaa humo na unyevu wake miaka.

Mwenye gari akiwa mtu mzima, muulize kwa adabu: "Mzee, gari hii ilikuwa na kazi gani?" Wengi husema kweli, kwa sababu kazi ya gari si siri. Dalali akikwambia, "Shekhe, hii ilikuwa ya hoteli," uliza hoteli ya wapi, maana ya Nungwi au Kiwengwa imelala ufukweni miaka yote.

Kisha chukua tochi na nyundo ndogo, ulale chini. Gonga chesisi kuanzia nyuma kuja mbele. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti iliyokufa, na pengine nyundo ikazama. Kaa zaidi kwenye mikono ya springi za nyuma (vyuma vinavyoshika springi kwenye chesisi), juu ya ekseli, kwenye pembe za kebini chini ya milango, kwenye fremu ya kioo cha mbele na chini ya mazulia. Fuata mabomba ya breki kwa kidole mpaka kila gurudumu. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari kuukuu ni sababu ya kugonga zaidi. Kwenye bodi tumia sumaku iliyofungwa kitambaa: inapokataa kushika, hapo pana fila, yaani lipu ya kuzibia mashimo, badala ya bati.

Mashimo ya sakafu ya kebini hayanitishi, maana bati hukatwa likachomelewa. Chesisi iliyotoboka kwenye mkono wa springi ndiyo ninayoiacha palepale, hata iwe na injini mpya.

Ya kwanza: Hilux ya dizeli ya 1988 hadi 1997

Hii ni Hilux ya kizazi cha tano, na sijaona ya kuishinda kwa mtu anayeanza. Injini zake za dizeli zimetoka ukoo mmoja: 2L yenye ujazo wa 2,446 cc, 3L ya 2,779 cc, na 5L ya 2,986 cc iliyokuja baadaye. Faida ya ukoo huo ni kubwa kuliko inavyosikika. Mwenye 2L iliyochoka anaweza kufunga 3L au 5L karibu bila kugusa mikono ya injini wala gia boksi, na ndiyo maana badiliko hilo ni la kawaida sana kwenye gereji zetu. Zote tatu hazina turbo, pampu ya dizeli inaendeshwa kimakanika, na hakuna kompyuta ya kukusumbua. Ukiwa na seti ya spana na kitabu cha vipimo vya kukazia bolti, unaifungua yote uani.

Tafuta kibati cha namba kwenye chumba cha injini. Ukisoma LN106, hiyo ni 4WD (inayoendeshwa na magurudumu yote manne) yenye 3L, na mbele ina ekseli nzima juu ya springi za majani. Barabarani inarusha kidogo, lakini ni muundo ambao fundi yeyote anauelewa, na kuiinua kwa springi ndefu ni kazi rahisi. Hilux nyingi za kizazi cha sita, kuanzia 1997, zina mbele laini zaidi yenye fito za kujisokota badala ya springi za majani. Kuziinua kunataka hesabu na uangalifu. Kwa matumizi ya Unguja, ambako barabara kuu zina lami, mimi hushauri 2WD: nafuu, nyepesi, vya kuharibika vichache. Pemba ni hadithi nyingine. Kwenye vilima na njia zake za udongo wakati wa masika, 4WD inalipa gharama yake.

Mambo mawili uyajue kabla ya kulipa. Injini hizi zote zina mkanda wa taimingi, unaopanga valvu zifunguke kwa wakati wake, wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu hukutana na pistoni. Muuzaji asipojua ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haukubadilishwa, uununue siku ya kwanza. La pili ni jirani yao yenye turbo, 2L-T. Silinda hedi yake ina sifa mbaya ya kupasuka ikipata joto, na joto hapa halikosekani. Ukikuta 2L-T ndani ya pikapu nzuri, inunue kwa bei ya pikapu isiyo na injini.

Fika alfajiri, kabla mwenyewe hajaiwasha, na uguse injini kuhakikisha ni baridi. Ikiwaka, fungua kifuniko cha oili ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta: mvuke mdogo ni kawaida, moshi unaopuliza kwa nguvu ni ringi zilizokwisha. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni dizeli nyingi, mara nyingi nozeli. Mweupe usiokoma injini ikishapata moto, shuku maji. Minya paipu ya juu ya rejeta dakika chache baada ya kuwasha. Ikiwa imeshakuwa ngumu na injini bado haijapata joto, gasketi ya hedi inavujisha.

Ya pili: Nissan D21 yenye TD27

Wengi huidharau, nami naona wanaikosea. TD27 ya 2,663 cc haina mkanda wa taimingi kabisa. Taimingi yake inaendeshwa kwa gia, na valvu zake zinasukumwa na fito. Injini inayoweza kukaa miaka bila kuhofia mkanda inamfaa sana mtu ambaye gari yake hulala miezi ikisubiri fedha. Spea zake zinachangia na Caravan na Terrano za zama hizo, kwa hiyo hazina shida. Kasoro yake ni uzito wa injini mbele na vipande vya bodi, maana taa, grili na milango ya D21 haipatikani mitaani kama ya Hilux. Ukiikuta bodi nzima, usiiachie. Gonga chesisi nyuma ya kebini mara mbili.

Ya tatu: Isuzu yenye 4JA1

Injini ya 2,499 cc, dizeli inayopulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Huwaka bila kubembelezwa katika hali yetu ya hewa na hunywa kidogo kuliko Toyota za wakati wake. Inapiga kelele, na mtikisiko wake hulegeza kila bolti usiyoikaza vizuri. Anayetaka pikapu ya kufanya kazi wiki nzima na kuichezea Jumapili, hii ingekuwa ya kwanza kwake. Nimeiweka ya tatu kwa sababu vitu vya kuipamba na kuibadilisha ni vichache.

Ya nne: Land Cruiser 75 na 79

Kwa ubora ingekaa juu ya zote. Injini ya 1HZ, silinda sita, 4,164 cc, bila turbo, ni ya kurithisha watoto. Ya 75 ina springi za majani mbele na nyuma. Ya 79, iliyoanza 1999, ina koili mbele. Imeshuka hadi hapa kwa bei tu. Fedha ya Land Cruiser chakavu inatosha Hilux nzuri na ikabaki ya rangi, tairi na mabomba mapya ya breki. Halafu kila kitu chake ni kizito na kikubwa. Kushusha gia boksi yake uani bila kreni ni kazi ya watu watatu. Ukiwa na uwezo, nunua bila wasiwasi, ila angalia mkanda wake wa taimingi, maana nayo inao.

Ya tano: Land Rover

Hapa moyo wangu unavutwa kuliko nafasi niliyoipa. Bodi lake ni la aluminiamu, na aluminiamu haili kutu nyekundu. Lakini chesisi yake ni ya chuma, ukuta wa mbele wa kebini ni wa chuma, na pale vyuma viwili hivyo vinapogusana na maji ya chumvi yakapita kati, aluminiamu huoza ikawa unga mweupe. Ukifungua kila kiungo, ukaweka mpira au rangi nzito katikati, umepata gari itakayokaa. Zenye injini ya dizeli ya 200Tdi au 300Tdi ndizo za kutafuta. Kuvuja oili ni desturi yake. Ya mtu mvumilivu mwenye kivuli cha kuiegeshea.

Keri, na ile ya kuepuka

Suzuki Carry, keri zetu, zina injini ndogo ya silinda tatu isiyozidi 660 cc chini ya kiti. Bati lake jembamba huoza upesi, lakini ukitaka kujifunza kufungua injini kwa mara ya kwanza kwa gharama ndogo na nafasi finyu ya Jang'ombe au Kwahani, ni darasa zuri. Usitarajie kuibebesha.

Mitsubishi L200 ya zamani yenye 4D56 nimeiweka mwisho. Injini hiyo ina mikanda miwili: wa taimingi, na mdogo wa mashafti ya kutuliza mtikisiko. Ule mdogo ukikatika, vipande vyake huweza kuingia kwenye mkubwa na injini nzima ikaharibika. Hedi zake pia hupasuka kwa joto. Ziko zilizotunzwa vizuri, lakini kwa mwanzo tafuta nyingine.

Ukishaipata

Usianze na rimu. Anza na breki: badilisha mabomba ya chuma kwa ya shaba yenye nikeli, ambayo chumvi haiyawezi. Kisha rejeta na paipu zake. Kisha chesisi: kwangua mpaka chuma king'ae, paka rangi ya kwanza yenye zinki, halafu rangi nzito, na ndani ya boksi puliza nta au oili nzito. Hakikisha matundu ya kutolea maji yako wazi. Mengi huzibwa na mchanga au na rangi ya fundi aliyetangulia.

Badiliko ninalolipenda kuliko yote hapa kwetu ni kuondoa bodi la nyuma la bati na kuweka la mbao. Visiwa hivi vina mafundi seremala waliozoea kujenga gari za abiria za mbao na ngalawa, na mbao ngumu iliyopakwa mafuta haina kutu. Waambie waweke mpira kati ya mbao na chesisi, na mabolti ya chuma kisichoshika kutu. Likichakaa ubao mmoja, unabadilisha ubao mmoja.

Kuhusu karatasi, namba ya chesisi na ya injini zisomeke na zifanane na kadi. Ukibadilisha injini, hifadhi risiti ya uliyoinunua na urekebishe kadi mapema, kwa sababu gari yenye namba isiyolingana itakusumbua siku ya kuiuza. Gari ya Bara yenye namba ya T, ulizia usajili kwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, kabla haijapanda meli.

Na mara ikifika nyumbani, kabla ya kuvua hata bolti moja, ioshe chini kwa maji matamu mengi, paipu ikiingizwa ndani ya chesisi kutoka nyuma, mpaka maji yanayotoka mbele yawe meupe hayana mchanga. Iache ikauke siku mbili juani, kisha ndiyo uchukue spana.