Mbita na Rusinga: mwongoza wageni asiyesema "hakuna shida"

Kama mnaenda Mbita, kwenye Ziwa Victoria, kundi zima na hamna mwenyeji, tafuteni mwongoza wageni kabla hamjalipia kitu kingine chochote. Nasema hivyo nikiwa mtu mgumu wa kutoa pesa. Nauza omena na mgongo wazi sokoni Nakuru, ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama, na shilingi ya chama hainitoki mpaka nijue inakoenda.

Kila mwaka tunafunga safari ya pamoja. Safari hii wenzangu walisema Mombasa wameizoea, twende ziwani, na kwa kuwa mimi ndiye mama samaki nikaachiwa mipango yote. Na maswali yote. Maji yanaogeka? Kiboko hutoka saa ngapi? Mboya amezikwa wapi? Asiyekula samaki atakula nini? Feri inabeba gari? Nikapiga simu kwenye gesti moja tuliyotajiwa, nikayasoma moja baada ya jingine, na kila moja likajibiwa "hakuna shida, mamangu." Kuoga ziwani, hakuna shida. Maji ya moto, hakuna shida. Mtu asiye na shida hata moja hunitia wasiwasi, kwa hiyo nikamwomba anayeniletea omena anitafutie kijana wa huko wa kutuzungusha. (Maji ya moto, kwa taarifa yenu, hayakuwepo.)

Kijana alinipigia jioni ileile. Nilikuwa hata sijafika swali la tatu alipoingiza lake: "Mama, sare ya chama chenu ni rangi gani?" Nikamwambia bluu. Akasema siku ya kwenda mbuga ya Ruma tuiache chumbani, tuvae rangi za udongo, kwa sababu Ruma iko katika bonde la Lambwe, na bonde hilo limejulikana kwa mbung'o tangu zamani. Mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi, hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Swali hilo sikuwa nalo kwenye orodha yangu. Tukaelewana shilingi elfu tatu kwa siku kwa kundi zima, mafuta ya boti na viingilio mbali.

Kilichonifanya niandike haya ni habari ya kuoga. Tulipofika, baadhi ya wenzangu walishakunja leso waingie majini nyuma ya gesti, pale penye matete. Akawasimamisha: "Mamangu, mimi nimezaliwa hapa, na hapo siogi." Akaeleza kwa utulivu kabisa. Ni kichocho. Kuna konokono wadogo wanaokaa kwenye maji yaliyotulia, penye majani, karibu na ufuo. Kutoka kwao hutoka vidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hupenya ngozi hata kama umezamisha miguu tu. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na watoto wa shule za kandokando ya ziwa hupewa, lakini dawa kuwepo si sababu ya kujitosa. Tena jioni kiboko hupanda kuja kula nyasi, kwa hiyo giza likiingia mtu asishuke ufuoni hata kupiga picha. Waliotamani maji aliwapeleka kesho yake kwa boti mpaka kisiwa cha Takawiri, kwenye mchanga mweupe, na hata huko akawaambia kwamba penye mchanga na mawimbi hatari hupungua, haiishi. Mhudumu wa gesti alikuwa kando akinung'unika kwamba kijana anafukuza wageni. Mimi nilikuwa najibiwa kama mtu mzima, na hicho ndicho nilicholipia.

Boti ilitoka asubuhi. Mwenyekiti wetu alipenda tutoke baada ya chakula cha mchana, lakini kijana alikataa katakata: mchana upepo huamka na ziwa huchafuka. Hakuwasha injini mpaka kila mmoja amefunga jaketi ya kuelea, pamoja na mwenzetu mnene aliyedai hazimtoshi. Alipatiwa ya kumtosha.

Nami nilikuwa na mtihani wangu. Siku moja alitupeleka bichi wanakoanika omena. Nikajifanya sijui kitu, nikamuuliza kwa nini kuna wiki gorogoro moja hupanda bei mpaka wateja wanadhani nawaibia. Akanyoosha kidole juu: mwezi. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na giza totoro, samaki hufuata ule mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa kila mahali, taa haina nguvu, na wavuvi wengi hawatoki. Sahihi kabisa. Nikamuuliza omena iliyoanikwa mchangani inatofautianaje na ya kwenye nyavu zilizoinuliwa. Akasema, uliza meno yako. Wenzangu walicheka sana. Mimi sikucheka sana, maana mchanga huo nimeurudishiwa na wateja miaka na miaka.

Kwenye chakula aliongea kabla hatujaagiza. Ngege (tilapia) wengi wa mezani siku hizi wanatoka kwenye vizimba, vile unavyoviona vimepangwa majini kandokando ya kisiwa cha Rusinga. Ni samaki wazuri, akasema, ila anayemtaka wa ziwani aagize mapema na awe tayari kulipa zaidi. Sehemu nyingi hawakwambii hata ukiuliza. Mbuta, yaani sangara, alimweleza hadi nikampa heko: samaki huyu hakuwa wa ziwa hili, aliingizwa miaka ya 1950, akawamaliza fulu wengi, samaki wadogo wa asili waliokuwa chakula cha kila nyumba. Sasa minofu yake huenda viwandani na ng'ambo, na uti wenye nyama kidogo ndio huo mgongo wazi ninaouza mimi. Wenzangu wameununua kwangu miaka yote hiyo bila kujua huo uti ulikoachwa na nyama yake. Asiyekula samaki alipata kuku wa kienyeji, lakini aliagiza asubuhi akala jioni.

Kuna watakaomlaumu kwa mambo ya Rusinga. Mimi namtetea. Mwenyekiti wetu alikuwa amesikia habari za fuvu la kale na alitaka kupiga nalo picha. Kijana hakumficha. Fuvu halipo kisiwani, liko Nairobi, linatunzwa na Makumbusho ya Taifa. Hapa mtaona kilima, mawe na jua. Mwingine angetupandisha kilimani kwanza, akapokea pesa, ndipo atuambie. Waliotaka kupanda walipanda, akawasimulia hukohuko juu: mwaka 1948 Mary Leakey alipata hapa Rusinga fuvu la Prokonsuli, kiumbe wa jamii ya nyani wasio na mkia, wa kama miaka milioni 18 iliyopita. Majivu ya volkano ya Kisingiri ndiyo yaliyofunika wanyama na mimea ya wakati huo, ndiyo maana mabaki yamedumu. Mabishano ya Biblia yaliyozuka ndani ya gari sitayaandika. Kijana alisema kazi yake ni kutuonyesha yalipopatikana, ya mchungaji tukamuulize mchungaji.

Kwa Tom Mboya, kule Kasawanga, kaburi limejengewa jumba lenye umbo la risasi. Sisi ni mchanganyiko wa makabila, mnaelewa Nakuru ilivyo, na niliogopa swali ambalo lazima mtu angeuliza: nani alimwua? Likaulizwa. Alijibu taratibu. Mboya alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo, na umri wake ulikuwa miaka 38. Mahakama ilimtia hatiani Nahashon Njenga Njoroge, akahukumiwa kunyongwa. "Ya kwamba alitumwa na nani, hapo ni minong'ono, na minong'ono siwatozi wageni pesa." Hakuna aliyeongeza neno. Baadaye mwenzetu mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa msichana mwaka huo, alikaa pale peke yake kidogo, na kijana akatuzuia tusimharakishe.

Kati ya Mbita na Rusinga kuna daraja. Zamani lilikuwa tuta la mawe lililoziba mkondo, maji yakadumaa upande mmoja. Sasa maji hupita chini. Dakika mbili umevuka. Upande wa Mbita pia kuna kituo cha icipe cha utafiti wa wadudu, na mwenzetu anayelima mahindi Njoro aliuliza wanafanya nini humo. Akaelezwa ule mtindo wa kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na nyasi za nepia pembezoni: harufu ya desmodiamu hufukuza nondo wanaotaga mayai ya viwavi wa bua, nepia huwavuta nje, na kayongo, lile gugu linalonyonya mahindi, hukosa nguvu. Aliandika yote nyuma ya risiti ya mafuta.

Sasa kasoro, maana sikutumwa kumsifu. Huchelewa. Akisema saa moja asubuhi, hesabu saa moja na nusu. Risiti hana, mimi ilibidi nimlipe kwa M-Pesa kila jioni ili chama kiwe na ushahidi. Ndege hawajui: kila ndege mweusi alikuwa mnandi, kila mweupe alikuwa yangeyange, na mwenzetu mwenye darubini alikata tamaa mapema. Kama unakuja kwa ajili ya ndege, tafuta mtu mwingine. Ruma alituharakisha. Mbuga ina kilomita za mraba 120, na ndiyo makazi ya pekee ya korongo (yule swala mkubwa, si ndege) Kenya nzima, sasa sisi tuliingia jua limeshakuwa kali na wanyama wamejificha. Twiga tuliwaona vizuri, korongo hatukumwona hata pembe. Alituonya kwamba korongo ni wachache, sawa, lakini tungetoka alfajiri tungekuwa na bahati zaidi. Viingilio vya Ruma ni vya eCitizen, hawapokei taslimu langoni, kwa hiyo lipeni mkiwa bado na mtandao.

Kwenye kisiwa cha Mfangano alikataa kutuongoza. Akasema michoro ya mawe ya Kwitone na Mawanga, ile miduara myekundu na myeupe, ni ya watu wa huko kuisimulia, tuchukue mwongozaji wa kisiwa na tumlipe yeye. Wenzangu wawili walikwenda wakarudi wameridhika. Wengine tuliona huo ni uvivu. Mimi nimeamua si uvivu, ila bei ya boti ingebaki ndogo kama angetuambia tangu Nakuru.

Kwa kurudi alitupangia njia nyingine. Kwenda tulipitia Kericho, Ahero, Kendu Bay na Homa Bay, tukasimama Simbi Nyaima, lile ziwa la volkano karibu na Kendu Bay. Kurudi tulipanda feri ya Mbita kwenda Luanda Kotieno, kisha Ndori hadi Kisumu. Feri inabeba gari, ndiyo, lakini nafasi za magari ni chache na malori ya samaki hufika kabla yenu. Kijana alipiga simu gatini tangu usiku, asubuhi akaenda yeye mwenyewe kusimama kwenye foleni kabla gari letu halijafika, na siku hiyo hakuchelewa. Ukienda kwa miguu huna haja ya hayo yote, utapata nafasi. Ukimtaka, uliza hapohapo gatini Mbita kijana aliyewakataza akina mama wa Nakuru kuoga, wanamjua.