Tambi za nyama ya ng'ombe za Lanzhou: za Guangzhou na za kwao

Ukifuata mzigo Guangzhou na wewe ni mtu wa halali, suala la chakula linakukabili kabla hujafika kwenye bei ya jumla. Nguruwe yumo kila mahali. Hata mchicha unaweza kukaangwa kwa mafuta yake. Ndiyo maana wafanyabiashara wetu wanaozunguka mitaa ya Xiaobei wanaijua vizuri ile migahawa midogo ya Waislamu wa Kichina, yenye kibao cha tambi za Lanzhou na kijana mlangoni anayevuta unga kama anacheza na kamba. Mimi nimezila hapo miaka na miaka. Mwaka jana nikapanda hadi Lanzhou kumtazama mpwa wangu anayesoma kule, nikazila kwao. Sasa naweza kuzisema pande zote mbili.

Nianze na Guangzhou. Kibao kinasema Lanzhou, lakini ukimdadisi mwenye mgahawa, mara nyingi atakuambia ametoka Hualong, wilaya ya Wahui, yaani hao Waislamu wa Kichina, katika jimbo la Qinghai, jirani na Gansu, jimbo lenye Lanzhou yenyewe. Watu wa Hualong walianza kushuka kwenye miji ya pwani mwishoni mwa miaka ya 1980, baba anavuta tambi, mama yuko kwenye fedha, watoto wanapeleka mabakuli, na leo ni vigumu kupata mji mkubwa wa China usio na mgahawa wao. Ni wachapakazi, hilo siwanyimi. Wanakaa wazi mpaka usiku, ukutani wamebandika picha za kila chakula, unaonyesha kwa kidole tu. Kuna wali na nyama, tambi za kukaanga, na lile sinia la kuku na viazi linalotoka Xinjiang, ambalo watu watatu mnashiba na linabaki.

Ila supu yao mara nyingi ni dhaifu. Kuna mgahawa mmoja, sitautaja, ambao supu yake ilikuwa ya unga wa pakiti, wala hawakujificha. Chumvi inakupokea mbele ya ulimi, nyuma yake hakuna kitu. Tambi nzuri ndani ya maji kama yale ni unga uliopotea bure.

Lanzhou ni makao makuu ya jimbo la Gansu, na Mto Huang He unapita katikati ya mji. Kule tambi hizi ni chakula cha asubuhi. Saa kumi na mbili milango iko wazi, saa moja foleni imetoka nje, na wasiopata kiti wanachuchumaa barazani na bakuli mkononi. Mimi niliyekulia kwenye supu ya asubuhi sikuona ajabu. Nilichoona ajabu ni kwamba hakuna kingine. Nilipoanza kutafuta picha ukutani, mpwa wangu akaniwahi: "Mjomba, hapa wali usiuulize." Unalipa kwanza, unapewa tiketi, unaipeleka dirishani, na unatamka jambo moja tu: unene wa tambi.

Na hapo ndipo pana raha. Kuna nyembamba kama nywele, kuna za wastani, kuna bapa kama jani la kitunguu, kuna pana kama mkanda wa suruali, na kuna zenye pembe tatu. Mvutaji anashika donge, analivuta, analikunja, analivuta tena. Mkunjo wa kwanza ni tambi mbili, wa pili nne, na akifika wa nane zimeshakuwa 256. Unga wa kawaida ungekatika. Siri yake ya zamani ni majivu ya mmea wa nyika kavu za kule, unaochomwa majira ya vuli, nayo hufanya kazi ya magadi: unga unakuwa laini, unavutika, na unapata rangi ya njano kidogo. Siku hizi wengi wanatumia poda ya kiwandani badala ya majivu, na sidhani mlaji wa kawaida angetofautisha.

Watu wote wanarekodi video za mikono ya mvutaji. Mimi nasema kazi kubwa iko kwenye sufuria ambalo hakuna anayelirekodi.

Historia yenyewe inaelekea huko huko. Watu wa jimbo la Henan wanasimulia kwamba ufundi huu ulitoka kwao, ukabebwa na Ma Liuqi, Mwislamu wa kabila la Wadongxiang, aliyeufikisha Lanzhou mwaka 1799. Lakini jina analolitaja kila mtu mjini ni Ma Baozi, Mhui ambaye mwaka 1915 alikuwa akiuza tambi za moto kwa kuzibeba mtaani. Sifa anayopewa ni ya supu: aliongeza maji yaliyochemshiwa maini ya ng'ombe na kondoo, supu ikawa safi na tamu zaidi. Kuvuta unga watu walishajua.

Kutoka hapo ukaja utaratibu wa rangi tano ambao Walanzhou wanaupimia kila bakuli: supu iwe safi, figili iwe nyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, giligilani na majani ya kitunguu saumu yawe kijani, tambi ziwe na unjano. La kwanza ndilo gumu. Nyama na mifupa vinachemka kwa saa nyingi pamoja na tangawizi, mdalasini, iliki kubwa nyeusi na ile pilipili ya Sichuan inayotia ganzi, na bado unapaswa kuona chini ya bakuli. Ya Lanzhou niliiona. Ladha inakuja polepole, nyama kwanza, kisha viungo, na ukimaliza tambi unainua bakuli unywe iliyobaki. Pilipili inatisha kwa macho kuliko kwa mdomo. Inanukia zaidi kuliko inavyowasha.

Lawama ninazo. Nyama ni vipande vichache, vyembamba hadi vinapitisha mwanga. Mwenye njaa anunue sahani ya nyama ya pembeni, na yai. Wahudumu hawana muda wa kucheka na wewe. Meza inafutwa ukiwa bado unatafuna. Lakini bei inafuta mengi: nililipa chini ya yuan 10, wakati Guangzhou nimezoea kulipa karibu mara mbili. Na kwao bei si mchezo. Mwaka 2007 zilipopanda, serikali ya mji iliingilia na kuweka ukomo wa yuan 2.50 kwa bakuli kubwa katika migahawa ya kawaida. Sijui mji mwingine uliowahi kukaa kikao cha serikali kwa ajili ya tambi.

Kwa hiyo: Guangzhou naipa nyota tatu, mbili za kushiba na moja ya kula bila wasiwasi. Lanzhou tano kasoro nusu, na hiyo nusu ni ya nyama. Ukifika, agiza za wastani, waambie pilipili waweke kidogo, siki utajitilia mwenyewe mezani. Na uende mapema. Migahawa mingi saa nane mchana imeshafunga.